Kovu la Bibi Kifua

Tangu nirudi sijapita sokoni bila mtu kunishika mkono. Nyote mnauliza swali moja: ilikuwaje nikaenda Sauzi kumleta Rukia, nikarudi na kikapu? Nimeshalijibu vipande vipande, huyu kipande, yule kipande, na nasikia vipande vingine vimeshatiwa chumvi. Yupo hata aliyesema Rukia ameolewa na Mzulu. Basi nimeandika yote, kituo kwa kituo. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi.

Pangani hadi Dar es Salaam

Rukia ni mtoto wa kaka yangu Salehe, na mimi ni shangazi yake wa pekee. Kaka aliniita barazani kwake baada ya Ijumaa, akanimiminia kahawa mwenyewe, nikajua ana jambo.

"Mwanaidi, wewe njia ile unaijua. Nenda ukaniletee mwanangu."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, ndiyo tabu yenyewe. Miaka yote hii anasoma sarafu za Wagiriki waliokufa kabla ya Nabii Isa. Akimaliza atamfundisha nani? Samaki changu na tasi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema Rukia karibu anajitetea mbele ya walimu wake kwa shahada ya pili, na anataka kuendelea na ya tatu. "Ajitetee, halafu mpande basi pamoja. Hapa kuna shule, zinatafuta walimu wa historia."

Sikumbishia. Kwanza, miguu ilikuwa inaniwasha. Mnanijua, mimi nikikaa sana naanza kuota barabara. Pili, nilijua hofu yake inatoka wapi, maana niliipeleka mimi mwenyewe nyumbani kwake. Mwaka 2008 nilikuwa nimepanga chumba Alexandra, nashona. Fujo za kuwafukuza wageni zilipoanza, vijana walitusimamisha njiani, mmoja akanyanyua mkono wake akauliza hiki kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyejua alipita. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nashona mikono ya magauni ya wanawake wa Kizulu na neno hilo walilitaja kila siku. Jirani yangu hakujua. Nilihamia Jeppestown, nikakaa miaka mingine, lakini tangu nilipomsimulia kaka habari ile, Johannesburg kwake ni mji wa kiwiko.

Nikapewa tiketi moja ya kwenda na mbili za kurudi.

Siku ya kuondoka Rukia akapiga simu, mtandao unakatika. "Shangazi, niletee reali ya bibi. Ile ya katikati, yenye mkato. Nitaihitaji siku ya kujitetea."

Wenye umri wangu mnaukumbuka mkufu wa bibi yetu. Ni wa reali za zamani za fedha, zile zenye malkia wa Ulaya mwenye ushungi na kifua kilichojaa. Sisi watoto tulimwita Bibi Kifua. Ile ya katikati ina mkato mrefu shavuni, kama mtu alimpiga patasi, na nyumbani tuliambiwa kwamba babu wa babu alipunjwa, akapewa reali mbovu. Ndiyo maana kwenye harusi tuliivaa imegeuzwa, kovu likilalia kifuani, mgongo ukiangalia watu. Nikadhani Rukia ametaja mkato ili nijue ni ipi tu. Nikaichomoa mkufuni, nikaitia kwenye kitambaa, nikaifungia ndani ya sindiria.

Tunduma

Basi letu lilikuwa zuri mpaka tulipokaribia mpaka. Hapo gia zikaanza kulia kama mbuzi, kisha zikanyamaza. Dereva akatuambia tushuke tupunge upepo. Tuliupunga kutwa nzima. Mafundi waliingia chini ya basi, tukawa tunaona miguu tu, na kila aliyetoka alikuwa na maoni tofauti na aliyemtangulia.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Mzee Kombo, sonara wa Tanga, anakwenda Lusaka kwa binti yake. Tulikuwa tumeshazoeana kwa sababu ya kikapu changu. Nilikuwa nimebeba samaki wa kukaanga na mikate ya ufuta ya kumtosha Rukia na mtaa wake, na mzee alikuwa na pua nzuri. Alikuwa na kisanduku cha kazi miguuni, na kwa vile hatukuwa na pa kwenda, akakifungua juu ya jiwe akaanza kuwatengenezea abiria vitu vyao. Hereni ya huyu, kifungo cha bangili ya yule. Nami nikaona aibu kuficha changu.

Akamwangalia Bibi Kifua, akamgeuza. "Huyu nani kampiga panga?"

"Tumerithi hivyo hivyo, mzee wangu."

"Na unampeleka wapi?"

Nikamweleza: kwa mtoto wetu, anasimama mbele ya maprofesa.

"Mbele ya maprofesa, na uso huu?" Akatikisa kichwa. "Hata wewe, Mwanaidi! Ungempeleka bi harusi na jicho limevimba?"

Likaniingia. Kweli, nikajiona nampeleka mtoto wa watu kwenye shughuli na nguo iliyochanika. Nikamwambia azibe. Akaweka lehemu ya fedha, akawasha tochi yake ndogo ya gesi, na abiria wakatuzunguka kama tunapika. Kisha akasugua kwa majivu na limau mpaka shavu likawa laini na reali nzima ikang'aa kama sahani mpya. Hakutaka malipo. Alitaka samaki wawili, nikampa watatu.

Sijui niwaambieje nilivyovimba. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliishika reali ile uso ukiwa juu.

Zambia na Zimbabwe

Zambia ni ndefu. Unalala, unaamka, ni Zambia. Kwenye kituo kimoja wanawake walikuja dirishani na mabeseni, nikaona dagaa weusi wamekaangwa vizuri, nikanunua bakuli. Nilitafuna wa kwanza, nikasikia ulimi unahesabu miguu.

"Mzee Kombo, dagaa wa huku wana miguu?"

"Hao ni viwavi," akasema, naye amejaza kinywa. "Endelea tu, wana mafuta."

Nilitoa kichwa dirishani, yatosha hapo. Mwanamke mwenye beseni alicheka mpaka akaliweka chini, halafu akanipa ndizi bure. Mzee Kombo akashuka Lusaka, na aliposhuka kiti changu kikawa kikubwa kuliko nilivyotaka.

Harare basi lilisubiri abiria ambao hawakuja. Pale kituoni mama mmoja alikuwa anauza noti za zamani za nchi yao, zile zenye sifuri nyingi kama shanga, na picha ya mawe matatu yamepandana. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, hii ilinunua nini?

"Mwishoni, hata mkate haikununua."

"Na sasa?"

"Sasa inapendwa na wasafiri kama wewe. Mawe yenyewe bado yamesimama kule nje ya mji, dada yangu. Kilichoanguka ni karatasi."

Nikamchukulia Rukia moja. Mpakani mwa Sauzi foleni ilikuwa kama kawaida yake, sitaieleza, kila aliyekwenda ana ya kwake.

Jeppestown

Rukia alinipokea kituoni katikati ya Johannesburg, amekonda, amevaa koti la kiume. "Shikamoo shangazi!" na kabla sijamaliza marahaba alikuwa shingoni mwangu. Njiani kila robot, taa za barabarani za kule, ilipotusimamisha nilichungulia mji. Jeppestown ilinijia kwa pua kwanza: rangi ya gari, chuma kinachochomelewa, nyama ya kuchoma. Duka la Mpakistani nililokuwa nanunua uzi sasa ni karakana ya milango. Nilitaka kulia, nikajiambia mwanamke mzima halilii duka la uzi.

Rukia amepanga kwa Mama Béa, Mkongo wa Lubumbashi, msusi, shoga yangu wa zamani, na ni mimi niliyemuunganisha. Tulikumbatiana mlangoni, akafuta machozi, kisha akanivuta kando.

"Mama Mwanaidi, ule mutoto yako iko na akili mingi. Lakini mu chumba yake mimi siingie tena. Non. Kama anataka kusuka nywele, anakuja huku."

"Kuna nini?"

"Enda uone ile ndege."

Nikaenda. Ukutani, juu ya kitanda cha mtoto wetu, palikuwa na picha ya bundi mkubwa kuliko sinia, macho yake mawili yananitazama. Nikasoma Ayatul Kursiyyu pale pale mlangoni.

"Eish, shangazi, na wewe!" Rukia akacheka. "Hiyo ni sarafu ya Athens, nimeikuza tu."

"Mtu gani mwenye akili anaweka bundi kwenye fedha?"

"Mji mzima. Sisi tukimsikia juu ya bati tunamfukuza. Kwao alikuwa ndege wa mungu wao wa kike, wa hekima, na sura ya mungu mwenyewe iko upande wa pili. Ukiwa na bundi mkononi, popote ulipo baharini, watu wanajua mji uliokutuma."

Tulikula samaki waliobaki, na Mama Béa akapika ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Mezani Rukia hakunyamaza. Alisema kabla ya sarafu Wagiriki walitumia mishikaki ya chuma, na fedha yao moja ilipata jina kutokana na mishikaki inayojaa kiganja.

"Kumbe ni kama sisi!" Mama Béa akapiga meza. "Kwetu Katanga bazee balikuwa na misalaba ya mukuba. Shaba. Ulikuwa unaoa bibi na ile. Sasa Bagiriki bako na mishikaki, basi banajivuna nini?"

Rukia akaendelea. Kila mji wa Kigiriki uliojiona huru ulipiga fedha yake. Athens ilipopata nguvu iliilazimisha miji iliyo chini yake itumie bundi wake na vipimo vyake. Na mafundi wa Athens, hata walipokuwa wamejua kuchonga sura za watu zikawa kama hai, kwenye fedha waliacha uso ule ule wa kizamani, macho makubwa kama ya mwanasesere, kwa sababu wageni walikuwa wameuzoea na wangeukataa mwingine.

"Kama Bibi Kifua," akasema. "Malkia alikufa zamani, wakaendelea kumchapa vile vile na mwaka ule ule, kwa sababu watu wa huku walikuwa wanakagua mpaka shanga za nguo yake. Umemleta?"

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nikafungua kitambaa, nikaiweka reali mezani, inawaka.

Rukia akaishika. Akaigeuza. Akapitisha kidole shavuni, akarudia tena.

"Shangazi, mkato uko wapi?"

"Nimeuziba! Na kuisugua. Huioni ilivyo?"

Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kitanda cha Mama Béa, reali mkononi. Mama Béa akaacha kutafuna. Ndipo Rukia akanieleza polepole, kama mtu anayemwelezea mgonjwa, kwamba nusu ya kazi yake ni kovu. Bundi wengi wanapatikana wamekatwa kwa patasi. Mtu akipewa fedha na asimjue aliyempa, anaipiga patasi aone ndani ni fedha tupu au shaba iliyovishwa. Ikiwa nzuri, inaendelea na safari yake na kovu lake.

"Babu hakupunjwa," akasema. "Reali mbovu isingefika mpaka kwetu. Mtu aliitilia shaka, akaikata, akakuta ni fedha mpaka ndani. Nilitaka kuwaonyesha walimu ndugu ya bundi, kutoka Pangani."

Nikaanza kukusanya sahani.

Mama Béa akasema anamjua fundi wa Kikongo mtaa wa pili anayeweza kuyeyusha lehemu. Rukia akakataa. "Ataiharibu zaidi. Acheni, nitatumia picha." Kisha, bila kuniangalia: "Baba amesema turudi pamoja. Sanduku nimeshafunga. Ukisema twende, shangazi, tutakwenda."

Nikaenda chumbani kwake, nikachungulia chini ya bundi. Kweli, sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba.

Braamfontein

Asubuhi ya kujitetea tulipanda basi la mji kwenda chuoni kwake, mimi na Mama Béa tumevaa kama tunakwenda kuposa. Mama Béa alikuwa na kitenge cha kusimamisha magari. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea: walimu watatu mezani, wanafunzi nyuma, wengine Watanzania na Wakenya ambao walituamkia vizuri. Mwalimu aliyeogopwa alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Rukia alikuwa amenionya: huyo akiuliza, watu hunywa maji.

Rukia akasimama. Nimemlea mtoto yule likizo zote, nimemfundisha kuchambua mchele, na sikuwahi kusikia sauti ile. Ilikuwa yake, lakini imesimama wima.

Aliwaeleza sheria moja ya Athens. Sokoni, katikati ya meza za wabadilisha fedha, mji uliweka mkaguzi, naye alikuwa mtumwa wa serikali. Ukitilia shaka bundi, unampelekea. Ikiwa bandia, anaikata mbele za watu, haitoki tena. Ikiwa nzuri, lazima uipokee, na anayekataa fedha iliyothibitishwa ananyang'anywa bidhaa alizoziweka mezani siku ile.

Kisha akaonyesha bundi waliokatwa. Mmoja kakatwa katikati ya macho. Akasema makovu mengi ya aina ile hayakutiwa Athens, yalitiwa ugenini, Misri na kwingineko, mahali ambapo hakuna aliyemjua bundi kwa baba wala mama. Kule ndiko walikokatwa.

Nikajikuta nimeshika kiwiko changu.

Alipomaliza, yule mama akavaa miwani. "Uliandika kwamba utatuletea sarafu ya nyumbani kwenu yenye mkato. Iko wapi?"

Rukia angeweza kusema imepotea. Akafungua mkono, akaiweka mezani. "Hii hapa. Mkato umezibwa. Shangazi yangu aliuziba njiani, wiki hii."

Watu wakacheka, na mimi nikataka sakafu inimeze na kitenge changu. Yule mama hakucheka. Akanigeukia mimi. "Kwa nini uliuziba?"

Kiingereza kilinikimbia chote. Nikajibu kwa Kiswahili, Rukia akatafsiri. "Sikutaka mtoto wetu asimame mbele yenu na kitu chenye kovu. Tangu zamani tukivaa reali ile tunaificha uso. Nilitaka safari hii aionyeshe."

Rukia akawa ananiangalia kwa namna ambayo hajawahi, kisha akawageukia walimu, akaacha karatasi zake.

"Hilo ndilo nililokuwa natafuta namna ya kulisema," akasema. "Kama sarafu ni fedha tu, nyumba yetu isingeiona haya vizazi vyote hivi. Ingeiuza. Tuliigeuza uso kwa sababu tuliuona ule uso ni wetu, na kovu lake ni letu. Athens walimwona bundi hivyo. Aliyemkata bundi ugenini alikuwa anaukata mji. Siwezi kumhoji mtu wa Athens, lakini shangazi yangu huyu hapa."

Yule mama akaichukua reali, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha ukucha. "Mstari bado unaonekana," akasema. "Lehemu ina rangi nyingine." Akampa mwenzake, naye akampa wa tatu, wote wakapitisha kucha, kama wanawake wanaokagua kitambaa dukani.

Tulitolewa nje. Mama Béa akawa anasali kwa Kifaransa, mimi kwa Kiarabu, tukaona tumwendee Mungu kwa pande zote. Mlango ulipofunguliwa, yule mama alitoka yeye mwenyewe, akampa Rukia mkono, akamwita daktari wa kesho. Amepita, na wanamtaka abaki afundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza huku akiendelea kusoma.

Mama Béa akapiga kigelegele ukumbini mpaka walinzi wakaja. Walinzi wenyewe walikuwa Wakongo, wakakiitikia.

Rukia hakupiga. Alisimama mbele yangu na koti lake la kiume. "Shangazi?"

Nilijua anauliza nini. Kaka alikuwa amenituma, na tiketi mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu. Lakini nilikuwa nimeketi pale nikaona watu watatu wasiomjua kwa baba wala mama wakimpiga patasi mbele yangu, na nilichokiona ndani nilikiona.

"Mwalimu haachi wanafunzi wake," nikamwambia. "Nenda ukafungue sanduku."

Reali nilimwachia. Kwetu reali hutolewa kwenye mkufu binti anapoingia kwenye nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuipata kwa kusoma. Nilimvisha shingoni kwa uzi mweusi nilionunua Jeppestown, uso ukiwa nje. Noti ya Harare ameibandika chini ya bundi.

Kurudi

Nilirudi na viti viwili. Kimoja nilikaa mimi, cha pili kilikaa kikapu, kimejaa vitumbua vya Mama Béa na viatu vya Rukia vya kumpelekea mama yake. Kila aliyepanda aliuliza kiti kina mtu. Nikamwambia kina mtu, ila amebaki kazini. Lusaka ndipo nilipompa kiti hicho mama mmoja wa Kirundi mwenye mtoto mgongoni. Kwenye mabeseni sikununua kitu.

Kaka Salehe alikuwa kituoni. Aliangalia mlango wa basi mpaka dereva akaufunga. Kisha akachukua kikapu, tukaenda. Nyumbani nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, na nilipofika kwenye sheria ya mkaguzi akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Kisha akaomba mkufu, akauweka pajani, kidole chake kikawa kinaingia na kutoka kwenye pengo la katikati.

"Yule mwalimu alimwita nani?" akauliza.

"Daktari wa kesho."

Akaingia ndani bila kunywa kahawa yake.

Wiki iliyopita Mzee Kombo aliporudi kutoka Lusaka alipitia kwetu, kwa ajili ya samaki, msimfikirie vingine. Akauona mkufu ukutani, mikono ikamwasha. Akafungua kisanduku akasema hili pengo si kitu, atazisogeza reali zibanane, mtu hatajua kama kuna iliyotoka.

Kaka alikuwa barazani, anakosha miguu. Akainua kichwa.

"Liache wazi, mzee," akasema. "Mwenye pengo hilo yuko Johannesburg, anafundisha."